Kuzuia Nuru Potevu katika Macho ya Gari

Dereva aendeshaye gari kuelekea magharibi mnamo saa kumi na moja na nusu za jioni hufanya mambo matatu pasipo kufikiri: hushusha kikinga jua kilichopo juu ya kioo, hufinya macho, na hupunguza mwendo. Ajua kwamba jua likimpiga usoni, mtu avukaye barabara mbele yake aweza kutoweka kana kwamba hakuwapo.

Siku hizi magari mengi yana macho mengine zaidi ya yale ya dereva. Yapo macho yatambuayo matone ya mvua na kuziwasha waipa, yapo yawashayo taa giza liingiapo, na zipo kamera zisomazo mistari ya barabara na kuwatambua watembeao kwa miguu. Macho hayo huitwa vihisi vya nuru. Kihisi hakiwezi kufinya macho wala kuinua mkono kujikinga. Kinga yake yote sharti iwe imefikiriwa na kutengenezwa mapema na mhandisi. Katika makala haya tutaeleza jinsi kinga hiyo inavyofanyika. Msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hutegemea fizikia ile ile ifundishwayo katika shule za sekondari: uakisi, upindaji wa nuru, na hesabu za kutoa na kugawanya.

Nuru potevu ni nini

Kila kihisi cha nuru kimeundwa kupokea nuru fulani kutoka mahali fulani. Nuru hiyo tutaiita nuru kusudiwa. Nuru nyingine yoyote ifikayo kwenye kihisi, ama kutoka mahali pengine, ama kwa njia isiyokusudiwa, tutaiita nuru potevu. Jua liingialo kwa pembeni, taa za gari lijalo, mng'ao wa lami iliyolowa, mwako wa dashibodi juu ya kioo cha mbele, hata nuru kusudiwa yenyewe iliyogonga ukuta wa ndani wa kifaa na kurudi ikiwa imechelewa njia, zote ni nuru potevu.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1952 magari ya Cadillac na Oldsmobile ya Marekani yalianza kuuzwa yakiwa na kifaa kilichoitwa Autronic Eye. Kifaa hicho kilikuwa na vali ya umeme yenye kuhisi nuru, iliyowekwa juu ya dashibodi, na kazi yake ilikuwa kushusha taa za gari kila gari jingine lilipokuja kutoka mbele. Lakini vali ya namna hiyo hupima wingi wa nuru tu. Haijui nuru imetoka wapi. Taa ya barabarani, au mng'ao wa taa za gari lenyewe kutoka kwenye bango, ni nuru vilevile. Kutofautisha nuru na nuru ndilo swali lililowashughulisha wahandisi tangu siku zile, na ndilo swali letu leo.

Mfano wetu: kihisi cha mvua

Tuchukue kihisi kimoja na kukichunguza kwa makini. Kihisi cha mvua hubandikwa kwa ndani kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Ndani yake mna diodi itoayo miali ya infraredi, ambayo haionekani kwa macho, na fotodiodi, yaani kipande cha silikoni kigeuzacho nuru kuwa mkondo wa umeme. Diodi hupeleka miali ndani ya kioo cha gari kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, ikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo. Miali hufika kwenye uso wa nje wa kioo. Nini hutokea hapo?

Mwanafunzi atakumbuka kwamba nuru itokayo kwenye kioo kwenda hewani hupinda na kujitenga na mstari wa wima. Pembe ikiongezwa, hufika kiasi ambacho nuru haiwezi kutoka tena, bali yote hurudi ndani. Pembe hiyo tutaiita pembe ya ukomo, na tukio hilo ni uakisi kamili wa ndani. Ikiwa namba ya upindaji ya kioo ni 1.5 na ya hewa ni 1, basi:

saini ya pembe ya ukomo = 1 ÷ 1.5 = 0.667

na pembe yenyewe ni nyuzi 41.8. Miali yetu ya nyuzi 45 imeizidi pembe hiyo. Kwa hiyo kioo kikiwa kikavu, miali yote huakisiwa na kurudi kwenye fotodiodi.

Sasa tone la mvua na lianguke mahali hapo. Namba ya upindaji ya maji ni 1.33. Hesabu inakuwa:

saini ya pembe ya ukomo = 1.33 ÷ 1.5 = 0.887

na pembe ya ukomo ni nyuzi 62.5. Nyuzi 45 sasa ni pungufu ya ukomo. Miali hupenya ndani ya tone na kupotelea nje, na fotodiodi hupokea nuru kidogo. Kadiri matone yanavyozidi, ndivyo nuru irudiyo inavyopungua, na ndivyo waipa zinavyoongezwa kasi. Ona jinsi pembe ya 45 ilivyochaguliwa: imekaa kati ya 41.8 na 62.5, ili kioo kikavu na kioo kilicholowa visitoe jibu moja.

Pembe hiyo ina faida ya pili. Nuru ya jua ikitoka hewani na kuingia kwenye kioo hupinda kuelekea mstari wa wima, na hata ikija sambamba kabisa na uso wa kioo haiwezi kusafiri ndani yake kwa pembe iliyozidi nyuzi 41.8. Fotodiodi yetu hungojea miali ya nyuzi 45. Kwa hiyo, kioo kikiwa kisafi na kikavu, umbo la kifaa peke yake huliwekea jua mpaka.

Kwa nini basi jua bado husumbua? Sababu ni tatu. Kwanza, fotodiodi haipokei mwali mmoja mwembamba bali shada la miali yenye pembe mbalimbali. Pili, nuru iingiayo kwa pembe nyingine hugonga kuta za kifaa na kutawanyika, na sehemu yake huishia kwenye fotodiodi. Tatu, na hili ndilo kubwa, tone la maji halina uso bapa. Uso wake wa mviringo huipokea nuru ya jua na kuipindisha kuelekea pande ambazo kioo kikavu kisingeziruhusu. Mikwaruzo na vumbi hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo siku ya mvua yenye jua, saa ile kihisi kinapotakiwa kupima kwa uangalifu zaidi, ndipo mlango wa nuru potevu unapofunguka zaidi.

Kinga ya kwanza: umbo na weusi

Kinga ya kwanza ni kuizuia nuru potevu isifike. Fotodiodi huwekwa ndani ya shimo jembamba au nyuma ya kitundu, ili ione sehemu ile tu inayohusika. Kati ya diodi na fotodiodi hujengwa ukuta, ili nuru isivuke moja kwa moja kutoka mtoaji hadi mpokeaji. Kuta zote hufanywa nyeusi zisizong'aa.

Weusi peke yake hautoshi. Tuchukulie kwamba rangi nyeusi hurudisha asilimia 5 ya nuru iipigayo. Hicho si kidogo nuru yenyewe ikiwa ni ya jua. Lakini tukiilazimisha nuru igonge ukuta mara tatu kabla ya kufika kwenye kihisi, itakayobaki ni:

0.05 × 0.05 × 0.05 = 0.000125

yaani sehemu moja kati ya 8,000. Hii ndiyo sababu kizuizi cheusi kilicho mbele ya kamera ya gari hakina uso laini, bali kina matuta madogo yaliyopangwa mfano wa matuta ya shamba la viazi. Nuru iliyoingia bondeni mwa matuta hugonga upande huu na upande ule mpaka iishe nguvu. Tena, uso mweusi ulio laini huakisi sana nuru ijayo kwa kuulalia, kama barabara ya lami ing'aavyo tuitazamapo kwa mbali. Matuta huizuia nuru isiulalie uso huo.

Kinga ya pili: chujio

Kinga ya pili hutumia tofauti ya rangi, au tuseme kwa usahihi, tofauti ya urefu wa wimbi. Jua hutoa mawimbi ya urefu wa namna nyingi. Diodi ya kihisi hutoa mawimbi ya eneo dogo tu, aghalabu kati ya nanomita 850 na 950. Silikoni huhisi mawimbi kuanzia nanomita 400 hivi mpaka 1,100. Tukiiacha fotodiodi wazi, itapokea nuru yote ya jua inayoonekana pamoja na sehemu kubwa ya infraredi. Tukiweka mbele yake chujio lipitishalo mawimbi ya diodi yetu tu, tutaitupa sehemu kubwa ya nuru ya jua pasipo kupoteza nyingi ya nuru kusudiwa. Plastiki ile ionekanayo nyeusi juu ya vihisi vya namna hii si nyeusi kwa infraredi, ni dirisha.

Angahewa nayo imetusaidia. Mvuke wa maji uliomo hewani hufyonza sehemu ya nuru ya jua iliyo karibu na nanomita 940. Kwa hiyo ardhini jua ni hafifu kiasi katika urefu huo wa wimbi kuliko katika ule wa jirani. Ndiyo sababu moja ya vifaa vingi vitumikavyo juani kuchagua nanomita 940: huongea mahali ambapo mpiga kelele amepunguza sauti.

Kinga ya tatu: kuwasha na kuzima

Baada ya umbo na chujio, bado nuru potevu kidogo itaingia. Hapo hutumika kinga ya tatu, ambayo ni hesabu. Diodi haiachwi ikiwaka daima. Huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa sekunde. Diodi ikizimwa, fotodiodi hupima nuru potevu peke yake. Ikiwashwa, hupima nuru potevu pamoja na nuru kusudiwa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni nuru kusudiwa.

Tuchukue mfano. Kipimo diodi ikiwa imezimwa ni milivolti 820, na ikiwa imewashwa ni 860. Tofauti ni 40. Wingu likipita, vipimo vyaweza kushuka hadi 300 na 340. Tofauti bado ni 40, na kihisi hakidanganyiki. Tone likianguka, vipimo vyaweza kuwa 820 na 848. Tofauti ni 28, yaani imepungua kwa asilimia 30. Kihisi sasa chajua kwamba kioo kimelowa.

Lakini gari hutembea. Linapita chini ya kivuli cha mwembe, linatoka juani, linaingia tena kivulini. Nuru potevu yaweza kubadilika kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Tuseme imeshuka kutoka 820 hadi 790 wakati diodi inawashwa. Kipimo cha pili kitakuwa 790 + 40 = 830, na tofauti itaonekana kuwa 10 tu. Waipa zitaanza kufuta kioo kikavu. Dawa yake ni kupima mara tatu: diodi ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa, na ikiwa imezimwa tena. Ikiwa nuru potevu inashuka kwa mwendo ulio sawa, kipimo cha tatu kitakuwa 760. Wastani wa kwanza na wa tatu ni:

(820 + 760) ÷ 2 = 790

na 830 − 790 = 40. Jibu limerudi kuwa sahihi.

Taa za umeme nazo zatakiwa kufikiriwa. Katika nchi zetu umeme wa gridi hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Kihisi kikipima kwa mwendo ulio karibu na huo, kitachanganyikiwa. Kwa sababu hiyo diodi huwashwa na kuzimwa kwa mwendo ulio mkubwa zaidi kwa mbali, maelfu ya mara kwa sekunde, hata mabadiliko ya taa yaonekane kuwa ya polepole mbele yake.

Mipaka ya hesabu

Mwanafunzi hodari aweza kuuliza: ikiwa kutoa kwaondoa nuru potevu, kwa nini tujisumbue na kuta nyeusi na chujio? Swali hili ni la maana sana, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kujaa. Kila kikuzaji cha umeme kina kikomo. Tuseme kikomo ni milivolti 5,000. Jua kali likikijaza kikuzaji mpaka kikomo diodi ikiwa imezimwa, kipimo ni 5,000. Diodi ikiwashwa, kipimo hakina pa kupanda, kinabaki 5,000. Tofauti ni sifuri. Ndoo iliyokwisha kujaa haionyeshi kama umeiongeza kikombe cha maji. Kihisi kisicho na akili ya kutambua hali hiyo kitadhani kwamba nuru kusudiwa yote imepotea, na kitaamuru waipa zikimbie juani.

Sehemu ya pili ni mtikisiko. Nuru huja kwa vifurushi viitwavyo fotoni, na fotoni haziji kwa mpango ulio sawa. Zikija kwa wastani wa N katika muda fulani, idadi yake hupanda na kushuka kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha N. Tuseme nuru potevu huleta fotoni 1,000,000 katika kila kipimo. Mtikisiko wake ni 1,000. Ikiwa nuru kusudiwa ni fotoni 500 tu, imezama ndani ya mtikisiko, wala kutoa hakutaiokoa, kwa maana twaweza kutoa wastani lakini hatuwezi kutoa bahati. Sasa tuweke chujio lipunguzalo nuru potevu mara 100. Zinabaki 10,000, na mtikisiko wake ni 100. Nuru kusudiwa ya 500 sasa imeuzidi mtikisiko mara tano, na yaweza kutambuliwa.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: nuru potevu izuiwe mlangoni kwanza, ndipo ile iliyopenya itolewe kwa hesabu.

Kamera: jicho lisilo na taa yake

Kihisi cha mvua kina bahati ya kuwa na taa yake, ambayo chaweza kuiwasha na kuizima. Kamera ya mchana haina. Huipokea nuru ya jua iliyoakisiwa na vitu, na hatuwezi kulizima jua ili tupime tofauti. Kamera basi hutegemea zaidi kinga za mlangoni, na hapo lenzi yenyewe inakuwa chanzo cha tabu.

Nuru ikipita kutoka hewani kuingia kwenye kioo, sehemu yake huakisiwa. Nuru ikija wima, sehemu hiyo hupatikana kwa kuchukua (n − 1) ÷ (n + 1) na kulizidisha jibu kwa lenyewe. Kwa kioo cha 1.5 tunapata 0.5 ÷ 2.5 = 0.2, na 0.2 × 0.2 = 0.04, yaani asilimia 4. Kamera yenye lenzi sita ina nyuso 12. Kila uso ukipitisha asilimia 96, nuru ipitayo nyuso zote bila kuakisiwa ni asilimia 61 hivi. Iliyosalia hairudi yote ilikotoka. Sehemu yake huakisiwa mara mbili ndani ya lenzi na kuingia kwenye picha, ama kama doa la jua la pili mahali ambapo hapana jua, ama kama ukungu mweupe uliotandaa picha nzima.

Uakisi wa mara mbili huacha 0.04 × 0.04, yaani sehemu moja kati ya 625. Huenda ikaonekana kuwa ndogo, lakini sahani ya jua hung'aa zaidi ya mara 40,000 kuliko karatasi nyeupe iliyoangazwa na jua hilo hilo. Moja kwa 625 ya jua bado ni kali kuliko karatasi nyeupe, isipokuwa imesambaa na kufifia.

Ukungu huo una hatari yake. Tuseme kamera hupima barabara kuwa 100 na mtu aliyevaa nguo za giza kuwa 60. Tofauti ni asilimia 40, na mtu huonekana waziwazi. Jua likileta ukungu wa 900 juu ya picha nzima, barabara inakuwa 1,000 na mtu 960. Tofauti sasa ni asilimia 4. Mtu yule yule, mahali pale pale, karibu ameyeyuka.

Dawa kubwa ya hali hii ilipatikana kabla ya kamera kuingia katika magari. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alibuni njia ya kupaka juu ya lenzi tabaka jembamba sana la kupunguza uakisi. Tabaka hufanywa, kwa mfano, kwa floridi ya magnesi, ambayo namba yake ya upindaji ni 1.38. Nuru huakisiwa juu ya tabaka na tena chini yake. Ikiwa unene wa tabaka ni robo ya urefu wa wimbi ndani ya tabaka hilo, nuru ya chini husafiri nusu wimbi zaidi ya ile ya juu. Mawimbi mawili hukutana, kilele cha moja juu ya bonde la jingine, na kudhoofishana. Kwa nuru ya kijani ya nanomita 550, unene utakiwao ni 550 ÷ (4 × 1.38), yaani nanomita 100 hivi. Uakisi hushuka kutoka asilimia 4 hadi 1.4 hivi. Lenzi nyingi za leo zina tabaka kadhaa, na uakisi wake ni mdogo zaidi. Zambarau ionekanayo juu ya lenzi ni mabaki ya rangi nyekundu na ya buluu ambazo tabaka la kijani halikuzifuta vema.

Jambo hili si la darasani tu. Mnamo Oktoba 2024 mamlaka ya Marekani isimamiayo usalama wa barabara kuu ilifungua uchunguzi juu ya mfumo mmoja wa gari kujiendesha kwa msaada wa kamera, baada ya kuarifiwa ajali nne zilizotokea wakati wa kuona kwa shida, kama vile mng'ao wa jua, ukungu au vumbi. Katika ajali moja mtembea kwa miguu alifariki. Kwa sababu hii watengenezaji wengi huipa kamera mwenzake, yaani rada, itumiayo mawimbi ya redio na isiyoathiriwa na mng'ao. Jicho moja likipofushwa, la pili huendelea kuona.

Mambo ya kuangaliwa katika mazingira yetu

Karibu na ikweta jua huzama kwa kushuka karibu wima. Huteremka kiasi cha nyuzi 15 kwa saa, na mnamo mwezi Machi na Septemba huzama magharibi hasa. Barabara iendayo mashariki na magharibi hupata mng'ao wa uso kwa uso asubuhi na jioni, saa ambazo wanafunzi na wafanyakazi wengi wako njiani kwa miguu. Tukiongeza vumbi la barabara za udongo juu ya kioo, kila chembe huwa kioo kidogo cha kutawanya nuru.

Magari mengi yaliyotumika huingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa tayari na vihisi hivi. Fundi abadilishaye kioo cha mbele hana budi kukumbuka mambo matatu. La kwanza, kati ya kihisi cha mvua na kioo huwekwa tabaka laini la uwazi, kama jeli, lisilo na viputo. Kiputo cha hewa huleta tena mpaka wa kioo na hewa mahali pasipotakiwa, na hesabu zetu zote za pembe huharibika. La pili, stika na karatasi za rangi zisibandikwe mbele ya kihisi wala kamera. La tatu, kizuizi cheusi chenye matuta kisitupwe kwa kudhaniwa kuwa pambo.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza. Jaza maji bilauri laini ya kioo na uishike mkononi. Tazama kwa juu, kupitia maji, kwenye upande wa ndani wa bilauri. Utauona uking'aa kama fedha na vidole havionekani: huo ni uakisi kamili wa ndani. Sasa lowesha vidole na ubonyeze bilauri kwa nguvu. Alama za vidole zitatokea. Mahali maji na ngozi vilipogusa kioo, uakisi umevunjika, kama ufanywavyo na tone la mvua.

Jaribio la pili. Chukua paneli ndogo ya sola kutoka taa iliyoharibika, na kipima umeme kilichowekwa kwenye miliampea. Weka tochi umbali wa nusu mita. Andika mkondo tochi ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kwanza kivulini, kisha karibu na dirisha. Linganisha tofauti. Halafu tengeneza bomba la karatasi lenye urefu wa sentimita 20, ulivike paneli, na urudie vipimo: kwanza bomba likiwa jeupe kwa ndani, kisha likiwa limepakwa masizi ya chungu. Wanafunzi waeleze ni bomba lipi limepunguza nuru ya dirisha zaidi, na kwa nini. Mwalimu ahakikishe kwamba hapana mwanafunzi alitazamaye jua moja kwa moja.

Maswali

1. Kioo kina namba ya upindaji ya 1.52. Tafuta pembe ya ukomo kati yake na hewa.
2. Kihisi kimetoa vipimo vitatu: 640 (imezimwa), 652 (imewashwa), 580 (imezimwa). Nuru kusudiwa ni kiasi gani? Ikiwa kioo kikavu hutoa 56, imepungua kwa asilimia ngapi?
3. Rangi nyeusi huakisi asilimia 4. Ni sehemu gani ya nuru hubaki baada ya kugonga mara mbili? Mara tatu?
4. Eleza kwa nini njia ya kuwasha na kuzima haisaidii wakati kikuzaji kimejaa.

Majibu: (1) Nyuzi 41.1. (2) 652 − 610 = 42; imepungua kwa asilimia 25. (3) Moja kwa 625; moja kwa 15,625. (4) Vipimo vyote viwili hufika kikomo, kwa hiyo tofauti yake ni sifuri hata kama nuru kusudiwa ipo.